Mwanangu ananiita dada, na polisi wanataka asiye na mtoto

Shikamoo Shangazi,

Naisoma safu yako tangu nikiwa sekondari. Tulikuwa tunasomeana bwenini kwa tochi, tukicheka matatizo ya watu. Leo zamu yangu imefika, na nakuomba jina langu lisitoke.

Nina miaka 22, naishi Korogwe na mama yangu na mdogo wangu wa miaka mitatu. Huyo mdogo ndiye jambo lenyewe. Si mdogo wangu, Shangazi. Nimemzaa mimi.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2021. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata daraja la tatu, pointi 24, na tumboni nina mimba. Mwenye mimba alikuwa kijana wa bodaboda pale stendi. Alipoambiwa akahamia Handeni, baadaye nikasikia yuko Kibaha, sasa namba yake haipatikani kabisa. Mama hakunipiga wala hakunitukana. Alinipeleka Lushoto kwa bibi, akaaga kazini kwamba anakwenda kuuguza, tukakaa huko mpaka nikajifungua. Siku tuliporudi Korogwe, mama ndiye aliyeshuka kwenye basi na mtoto mgongoni. Mimi nilishuka na ndoo na begi. Majirani wakaja na sabuni na unga, wakamwambia mama hongera, umepata kitinda mimba. Nilikuwa nikimnyonyesha chumbani nimefunga mlango kwa komeo, na mtu akigonga tu namsukumia mama mtoto dirishani upande wa uani.

Sasa ameshajua kusema. Mama anamwita mama, mimi ananiita dada. Nimezoea. Karibu nimezoea.

Kuhusu polisi: wakati nina mimba nilikwenda kituoni, dawati la jinsia na watoto, kuulizia kama yule kijana anaweza kubanwa atoe matunzo. Askari wa kike aliyekuwa zamu alinivutia kiti akaniambia, "Kaa kwanza, unywe maji." Shangazi, tangu ile mimba ianze hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nikae. Nikatoka pale nikijua kazi ninayoitaka. Nauza machungwa ya kumenya hapa stendi, na mabasi ya Moshi yanapita mchana kutwa. Kila likipita nawaza, ipo siku nami nitapanda kwenda depo, chuo cha polisi cha Moshi.

Nimejiandaa. Alfajiri nakimbia kutoka nyumbani mpaka relini na kurudi. Urefu nimepimwa kwa futi ya cherehani nikiwa nimeegemea mlango, futi tano na inchi tano. Cheti cha kuzaliwa ninacho, namba ya NIDA ninayo. Sina tatuu, sijawahi kushtakiwa. Basi nikaenda stesheneri anisomee tangazo la ajira kwenye kompyuta. Akasoma umri, akasoma elimu, mimi natikisa kichwa tu, yote yangu. Akafika pale penye "awe hajaoa au hajaolewa wala kuwa na mtoto," akasoma kwa sauti ileile na kuendelea na mstari unaofuata. Mimi nilibaki palepale.

Mama anasema hakuna wa kujua. Mtoto hajaandikishwa bado. Anataka aende ofisi ya kata amwandikishe kwa jina lake yeye kama mama mzazi, na kadi ya kliniki tuichome, maana ile kadi ina jina langu, nesi aliliandika kwa kalamu ya bluu, na nukta za uzito wake kila mwezi. Ipo kwenye sanduku chini ya vitenge.

Halafu kuna mjomba. Anasema ana mtu wake Dar es Salaam, koneksheni ya uhakika, anataka milioni moja na nusu jina lipite. Mama yuko tayari kuuza cherehani na nyingine kukopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa.

Nakuuliza, Shangazi, wewe uliyevaa gwanda. Je, daktari akinipima atajua kama nimezaa? Nikificha, ni dhambi gani hasa, maana mtoto analelewa vizuri? Na kama sifichi, nifanye nini na maisha yangu?

Dada wa Mwanangu, Korogwe

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama askari mstaafu, nikakukunjia uso. Mara ya pili kama mwanamke, nikaenda kunywa maji.

Nianze na mjomba, maana huyo hahitaji maneno mengi. Cherehani isiuzwe. Hakuna koneksheni hapo, kuna mtu anayesubiri tangazo litoke ili avune. Mchezo wao ni huu: anakusanya kutoka kwa vijana ishirini, hafanyi lolote, anakaa. Wawili watatu watapita kwa sifa zao wenyewe, hao watamshukuru na kumsifia mtaani. Waliokosa anawaambia "safari hii kulikuwa na ushindani," na hawawezi kumshtaki, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayetoa sawasawa na anayepokea. Kuomba kazi polisi hakulipiwi. Gharama zako ni nauli, picha, kuskani vyeti na chakula cha njiani siku ya usaili, na tangazo lenyewe hukwambia utajigharamia. Mjomba akiendelea kukubana, mwambie unataka kumpigia mtu wake kwa namba 113 ili mzungumze watatu. Hiyo ni namba ya bure ya TAKUKURU. Utaona koneksheni inavyokatika.

Na hao wa kausha damu, mama asiwasogelee hata kwa kusalimia.

Sasa daktari. Unaniuliza kama atajua. Daktari wa serikali anayepima afya ya waombaji amewaona wanawake wengi, na mwili uliobeba mimba una alama zake. Anaweza kuona, anaweza asione, anaweza kuona akanyamaza. Lakini mwanangu, swali hilo ni la mtu anayekusudia kuvuka mto usiku na anauliza kama mamba wamelala. Tuseme wamelala. Umevuka. Huko ng'ambo utaishi na nani?

Ngoja nikusimulie. Sitaji jina wala mahali, na miaka imepita mingi.

Nilikaa kota moja na askari mwenzangu, msichana hodari, kwata yake ilikuwa ya kuonyeshea wengine. Alikuwa na "mdogo wake" kwao. Kila jioni baada ya kukabidhi silaha anajifungia, anapiga simu, anauliza amekula nini, amelala saa ngapi, kikohozi kimeishaje. Tukawa tunamtania kwamba hujawahi kuona dada anayempenda mdogo wake hivi. Yeye anacheka nasi. Usiku mmoja simu ikaja, mtoto amelazwa, malaria imepanda kichwani. Asubuhi akaingia kwa mkuu wetu kuomba ruhusa ya siku tatu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitabu cha zamu, nilisikia kila neno. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza, nani anaumwa? Akajibu, mdogo wangu, afande. Mkuu akasema, "Pole sana. Lakini mdogo wako ana mama yake, na leo tuna msafara."

Alipiga saluti. Akageuka. Akapanda gari la msafara, akasimama juani mpaka saa kumi jioni akiongoza magari, na machozi yanamshuka huku mkono umenyooka. Mtoto alipona, Alhamdulillahi. Yeye hakupona upesi. Aliniambia siri yake usiku ule, na tangu usiku ule nikawa na kitu chake mkononi ambacho sikukiomba. Mimi sikuwahi kukitumia. Lakini kulikuwa na mwingine aliyejua, huyo alikitumia: leo nikopeshe, kesho nipangie zamu nzuri, keshokutwa hilo jalada la ndugu yangu lisogeze kidogo. Askari mwenye siri ana bwana wake, mwanangu. Hapo ndipo rushwa inapoanzia kwa watu wasiokuwa na tabia ya rushwa.

Nawe huko Korogwe siri yako iko kwa wangapi? Bibi, mama, nesi wa Lushoto, daftari la zahanati, yule kijana wa Kibaha ambaye simu yake haipatikani leo lakini siku akisikia umevaa gwanda itapatikana mara moja. Majirani nao, usidhani wote waliamini. Mwanamke mmoja hutosha kuhesabu miezi kwa vidole. Jeshi likitaka kumjua mwombaji haliulizi kompyuta tu, linaweza kuuliza serikali ya mtaa wako, na mtaani kwako kuna mtu aliyeleta sabuni na unga huku akijua.

Umeuliza ni dhambi gani hasa, maana mtoto analelewa vizuri. Hapo nakupa jibu la karatasi kwanza, kisha la moyo utajijibu mwenyewe.

Ukimwandikisha kwa jina la mama yako, kwenye karatasi unakuwa dada yake kweli. Utapata kazi, utapata bima ya afya, na bima ya mtumishi inamtambua mwenza, wazazi na watoto. Wako hutaweza kumwandika kama mtoto wako. Utakuwa na kadi ya bima mfukoni na mwanao hayumo kama mwanao. Siku ukifa kazini, Mungu apishe mbali lakini kazi yetu ndiyo hiyo, mafao yanatafuta mtoto wa marehemu. Wataambiwa marehemu hakuwa na mtoto, alikuwa na mdogo. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia na ya kuwafahamu wazazi wake waliomzaa. Hiyo haki si yako wala ya mama yako kuichoma pamoja na kadi. Isitoshe, kumtajia msajili jina la mama ambaye hakumzaa mtoto huyo ni kumpa ofisa wa serikali taarifa ya uongo, na hapo mama yako ndiye atakayekuwa ametia sahihi. Alikufichia aibu kwa mgongo wake mwenyewe, na wewe utamwacha aingie kwenye kosa kwa ajili ya ajira yako?

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Kwa sharti lilivyo sasa, usiombe.

Najua neno hili linakata. Na nikwambie ninachokiona mimi kuhusu sharti lenyewe, kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunipangia zamu ya usiku. Lina maana yake. Mafunzo ya awali pale Moshi ni miezi mfululizo. Kuruta analala bwenini, anaamshwa alfajiri na baridi ya Kilimanjaro, mchakamchaka, kwata, sheria, silaha, kisha wanapelekwa porini kwa mazoezi ya vitendo. Hakuna kuomba kwenda nyumbani kwa sababu mtoto anaota meno. Ukimaliza unapangiwa popote, Kigoma, Mtwara, Pemba, na unakwenda. Chombo kinataka mtu ambaye kwa kipindi kile ni wa kwake peke yake. Hilo nalielewa.

Lakini sharti hilohilo linambana mwanamke kuliko mwanaume, na sitakudanganya kwamba sioni. Mtoto wa mwanaume amebebwa na tumbo la mtu mwingine. Yule kijana wa bodaboda, akipunguza kitambi na akiwa na futi tano na inchi nane, anaweza kusimama kwenye mstari wa usaili akasema hana mtoto, na hakuna daktari wa kumkagua. Wewe ndiye unayeulizwa. Nchi hii, mwezi uleule wa Novemba 2021 uliokuwa kwenye chumba cha mtihani, ilitangaza kwamba wasichana waliokatizwa masomo na ujauzito waruhusiwe kurudi shule. Mlango ule ulikuwa umefungwa miaka mingi nao ulifunguliwa. Huu wa depo bado. Ukifunguliwa siku moja, nitafurahi. Lakini usiyapangie maisha yako mlango ambao hujui kama utafunguliwa. Na usidhani Magereza, Zimamoto au Uhamiaji ni uchochoro wa kupitia, huko nako matangazo yao hubeba masharti ya namna hii.

Hapa niwageukie kidogo wasomaji wengine, maana kila tangazo likikaribia mnaniandikia maswali yaleyale. Kwa matangazo ya miaka ya karibuni, kidato cha nne na cha sita umri ni 18 hadi 25, na wa stashahada na shahada wamekuwa wakiruhusiwa mpaka 30. Kidato cha nne daraja la nne ni kwa wenye pointi 26 hadi 28 tu, mwenye 29 asipoteze fedha ya stesheneri. Urefu ni futi tano inchi nane kwa mwanaume, futi tano inchi nne kwa mwanamke, na wanapima miguu mitupu. Maombi yanapitia mfumo wa Jeshi wenyewe kwenye intaneti, hupeleki bahasha kituoni, ila barua unaiandika kwa mkono wako kisha unaiskani. Iandike mwenyewe. Nimewahi kuona barua ya kijana imeandikwa na mwenye stesheneri kwa mwandiko wa kupendeza, kijana kuulizwa aandike jina lake hapohapo akatoa kuku wawili wanapigana. Majina yafanane kwenye vyeti vyote, cha kuzaliwa, cha shule na NIDA. "Mohamed" na "Muhamedi" kwako ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu wawili, na marekebisho hayafanyiki kwa wiki moja. Dirisha nalo halikai wazi muda mrefu. Anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku tangazo linatoka amechelewa. Na someni kila tangazo upya, kwa sababu miaka ya kuhitimu inayokubaliwa hubadilika.

Turudi kwako, binti yangu.

Nilipofika pale penye yule askari wa dawati nilisimama kusoma. Soma tena barua yako. Hukuandika kwamba unapenda bunduki, wala kwata, wala gwanda. Uliandika kwamba mtu alikuvutia kiti. Kazi unayoitaka ni ya kumvutia kiti mtu aliyefika amechoka. Hiyo kazi haiko kituoni peke yake.

Unapajua Lushoto. Ulipelekwa kule kufichwa. Basi kulekule kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na wanafundisha astashahada ya sheria kwa waliomaliza kidato cha nne wenye ufaulu unaotakiwa, na juu yake stashahada. Daraja lako la tatu ni karata nzuri, itoe kabatini uitumie. Chuo hakitakuuliza una mtoto au huna. Waliopita kule unawakuta mahakamani, wanapokea mashauri ya matunzo ya watoto, yaleyale uliyokuwa unayatafuta siku ile. Wengine wanakuwa wasaidizi wa kisheria, kazi ambayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeipa nafasi rasmi. Kutoka Korogwe ni kupanda basi mpaka Mombo na kukata kulia kupandisha milima, bibi yako yuko hukohuko, na mtoto anaweza kukaa nawe au karibu nawe. Kuna pia Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, kwa anayetaka kuwa ofisa ustawi. Hao ndio wanaokaa meza moja na dawati la polisi kesi ya mtoto ikija, na mara nyingi neno lao ndilo linaloamua mtoto alale wapi usiku ule.

Kama ni uaskari hasa unaokuwasha, Pasiansi, Mwanza, wanafundisha taaluma ya wanyamapori na usimamizi wa sheria, na wanaohitimu hulinda hifadhi. Soma masharti yao mwenyewe, na ya mwajiri atakayekuchukua baadaye, kabla hujalipa chochote. Mafunzo ya mgambo nayo hutolewa wilayani, na waliopitia huko wengi wameshika ajira za ulinzi. Ila mimi nikikuangalia kwa barua hii nakuona Lushoto.

Ada, utaniuliza. Machungwa hayatoshi, najua. Jiunge na wenzako pale stendi mfanye kikundi, muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu bila riba. Mkopo ule ni wa biashara, si wa ada, lakini biashara ikikua ada inatoka humo. Cherehani ya mama nayo ibaki ikishona. Miezi ya kusubiri muhula si mingi kuliko miaka uliyokwisha kusubiri tangazo.

Limebaki la mama yako, na hili nalipima kwa uzito kuliko yote.

Usimwendee kama unamsahihisha. Yule mwanamke alishuka kwenye basi na mtoto asiye wake mgongoni mbele ya stendi nzima, akapokea hongera za uongo kwa uso mkavu, ili wewe upate pa kuanzia upya. Hilo halilipiki. Mtafute usiku mtoto amelala, umpikie chai, umwambie kwanza kwamba unajua alichofanya. Kisha mwambie hutaki kwenda polisi kwa njia hii, na kwamba mtoto unataka aandikwe jina lako. Atalia, au atakasirika kwa niaba yako, maana ndoto ya gwanda nahisi imeshakuwa yake pia. Ukiona pamekuwa pagumu, mpigie bibi ashuke. Bibi ndiye aliyelipokea jambo hili tangu mwanzo, ana haki ya kulimaliza.

Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kuitiwa kikao. Aendelee kumwita bibi yake mama, nyumba zetu nyingi mtoto ana mama wawili na hakuna aliyekufa. Wewe anza tu kumjibu. Akisema dada, sema, "Naam, mama yako nipo." Siku za kwanza atakucheka. Na majirani watasema wiki mbili, labda tatu, mpaka apatikane mwingine wa kusemwa.

Kadi ya kliniki itoe sandukuni kesho. Ikague kama nesi ameandika vizuri jina lako, tarehe na kituo ulichojifungulia, kisha itoe nakala mbili, moja ikae kwa bibi. Chukua na kitambulisho chako, nenda na mama yako ofisi ya mtendaji wa kata. Katika mikoa mingi usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano umeshushwa mpaka kwenye kata na vituo vya afya na haulipiwi. Kwa kuwa mwanao alizaliwa Lushoto, watakuelekeza kama wamalizie hapo au uende ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sehemu ya baba, waulize namna ya kuijaza bila kubahatisha, na usimwandike mtu ambaye hayupo kukubali. Sehemu ya mama, wakikuuliza, taja majina yako yote matatu, kwa sauti, mama yako akiwa amekaa hapo pembeni.

Nenda asubuhi mapema, foleni zao ni ndefu. Machungwa ya siku hiyo mwachie jirani akuuzie.

Shangazi